Mali Isiyo na Mwenyewe: Amana, Bodi na Mchango katika Asasi za Tanzania

Amana, katika Kiswahili cha pwani kama ilivyo katika lugha ya mahakama, ni mali iliyowekwa mikononi mwa mtu ambaye si mwenyewe, ili aitunze na kuitumia kama alivyoelekezwa na aliyeiweka. Neno hilo moja limebeba watu watatu, yaani anayeweka, anayekabidhiwa na anayekusudiwa kunufaika, na matatizo mengi ya uongozi wa asasi zisizogawana faida yana chanzo chake katika ukweli kwamba watu hao watatu hukutana mara chache, na pengine hawakutani kabisa. Duka likiuza unga mbovu, mnunuzi huhamia duka la pili, na kampuni ikiendeshwa vibaya, mwenye hisa huuza hisa zake au hupiga kura meneja aondoke. Asasi isiyogawana faida, ambayo sheria au katiba yake inaikataza kuwagawia waanzilishi, wanachama au viongozi ziada ya mapato, haina mwenye hisa wa kumwondoa meneja, na mpokeaji wa huduma yake siye anayeilipia. Aliyetoa fedha ya chandarua hatakilalia, na anayekilalia hajui kilinunuliwa kwa bei gani, wala hana risiti ya kudaia kingine kikichanika.

Kwa sababu hiyo utawala wa asasi, kwa maana ya mpangilio wa nani anaamua, nani anamsimamia anayeamua na nani ana haki ya kuuliza akajibiwa, ni jaribio la kumfanya mwenye mali awepo mezani ilhali hayupo. Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba kinachopungua nchini Tanzania si sheria wala ukarimu, kwani vyote viwili vipo tele, bali ni mwelekeo wa hesabu. Hesabu za asasi hupanda kuelekea kwa mfadhili anayeweza kufunga bomba na kwa msajili anayeweza kufuta cheti. Haziteremki hadi kwa mwanakijiji ambaye jina lake liliandikwa katika andiko la mradi, wala haziendi kando kwa jirani aliyetoa elfu tano zake.

Wazo la amana halikuletwa na wafadhili wa miaka ya 1990. Mwambao wa Afrika Mashariki ulikuwa na wakfu, yaani mali, aghalabu nyumba, duka au shamba la minazi, inayofungwa isiuzwe, isirithiwe wala isigawiwe kwa hiba, na mapato yake yakaelekezwa kwa msikiti, kisima, maskini au ukoo wa aliyeiweka. Msimamizi wake huitwa mutawali, naye hana umiliki wowote katika mali anayoisimamia. Wanasheria wa Kiislamu walitambua mapema kwamba aliyeweka wakfu atakufa na nia yake itabaki, wakaifanya nia hiyo kuwa na nguvu karibu sawa na sheria. Hata hivyo uchaji wa mutawali haukuhesabiwa kuwa ulinzi wa kutosha milele: Zanzibar iliwekewa makamishna wa wakfu mwaka 1905, Kenya ikatungiwa Sheria ya Makamishna wa Wakfu mwaka 1951, na leo visiwani kazi hiyo iko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Makamishna wa kwanza walikuwa chombo cha utawala wa kikoloni uliotaka kushika mali ya mji pamoja na kuilinda, na ni vigumu kutenganisha nia hizo mbili; ugumu huo utarejea kila mara dola inapojitokeza kuwa mlinzi wa sadaka.

Mfano wa bara una sura nyingine. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1851 na kufariki mwaka 1897, alijipatia utajiri kwa kuzihudumia safari za misafara kutoka Bagamoyo, na katika miaka ya 1890 akaitoa shule ya Bagamoyo kwa serikali ya Kijerumani kwa sharti kwamba watoto wasibaguliwe kwa rangi wala asili. Mali yake ilichangia pia kuanzishwa kwa hospitali ya Dar es Salaam iliyochukua jina lake, jina ambalo bado linatajwa katika hospitali ya Muhimbili kila siku na wagonjwa ambao hawana haja ya kujua alikuwa nani. Katika shule ile, kilicho muhimu kwa mada hii ni sharti kuliko jengo. Mtoaji alikabidhi mali kwa dola yenye nguvu kumshinda, akaambatanisha nayo neno lililoifunga dola hiyo. Sharti la mtoaji, ambalo wanasheria wa amana huliweka katika moyo wa taaluma yao, ndilo jambo ambalo michango ya umma ya zama za sasa imelisahau kuliko yote.

Asasi ya leo inaweza kuzaliwa kwa njia kadhaa. Ipo Sheria ya Jumuiya ya mwaka 1954, iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni, ambayo kwayo makanisa, misikiti na vyama vingi vimesajiliwa chini ya wizara inayoshughulikia mambo ya ndani. Ipo Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini ya mwaka 1956, inayosimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambayo haizai asasi bali huwapa wadhamini wa asasi uwezo wa kumiliki ardhi na kushtakiwa kama mtu mmoja. Ipo kampuni yenye ukomo wa dhamana, ambayo wanachama wake hawana hisa bali huahidi kiasi fulani itakapofilisika. Na ipo Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Namba 24 ya mwaka 2002, ambayo marekebisho ya mwaka 2019 yaliifanya kuwa mlango mkuu, kwa kuyataka mashirika yaliyokuwa yakifanya kazi hizo kwa usajili wa sheria nyingine yahamie kwake, na kwa kukipa cheti cha usajili uhai wa miaka 10 badala ya kudumu bila kikomo.

Wingi huo wa milango ulikuwa na kasoro, kwani asasi iliyobanwa mlango mmoja ingeweza kutokea mwingine, lakini kupunguzwa kwake kumeongeza uzito wa mkono mmoja. Baraza la Wanawake Tanzania, lililojulikana kama BAWATA, lilifutiwa usajili mwaka 1997 chini ya Sheria ya Jumuiya, na Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2009 kwamba haki zake za kikatiba zilikiukwa, baraza lenyewe lilikuwa limekwisha kudhoofika kiasi cha kutoweza kufaidi ushindi huo. Miaka 12 ni mingi kwa asasi. Anayezungumzia uwajibikaji bila kuitaja kesi ile humwachia msikilizaji dhana kwamba msajili ni karani tu, na kwamba anayeogopa kukaguliwa lazima ana la kuficha.

Ndani ya asasi, mahali ambapo mwenye mali asiyekuwepo hutakiwa kuwakilishwa ni bodi. Katika katiba za asasi nyingi bodi hupewa madaraka makubwa: huajiri mkurugenzi, hupitisha bajeti, huteua mkaguzi wa hesabu. Katika mwenendo wa kila siku, mpangilio huo mara nyingi umepinduliwa. Mwasisi, ambaye aghalabu ni mtu mwenye ari na aliyeanza kazi kwa fedha zake mwenyewe, huwaomba watu anaowaamini waingie kwenye bodi ili fomu ya usajili ikamilike: shemeji, aliyesoma naye, mchungaji au shehe wa mtaa, na mstaafu mmoja mwenye jina zuri. Watu hao hawana ubaya wowote, ila wote wameingia kwa hisani yake na wanajua hivyo. Bodi hukutana saini zinapohitajika. Muhtasari wa kikao huandaliwa na ofisi ya mkurugenzi. Nauli na posho ya kikao hulipwa kutoka kwenye bajeti ambayo mkurugenzi ndiye aliyeiandika. Posho yenyewe si kosa, kwani mjumbe anayetoka Nachingwea hadi Mtwara hawezi kujilipia kila mara, lakini msimamizi anayeletewa bahasha na anayesimamiwa huanza kikao akiwa amekwisha kuwiwa shukrani.

Dalili ya bodi ya namna hiyo si lazima iwe wizi. Mara nyingi ni ukimya: mwenyekiti hajui salio la benki, watia saini wa akaunti wote wawili ni waajiriwa, mweka hazina hajawahi kuona taarifa ya benki isipokuwa ile iliyofupishwa, na hakuna aliyewahi kuuliza asasi itakuwa ya nani siku mwasisi atakapougua. Hapo ndipo jina la mitaani, NGO ya mfukoni, linapopata ukweli wake. Kwa matumizi ya kawaida jina hilo humlenga tapeli mwenye muhuri na barua yenye nembo, asiye na ofisi. Lakini asasi yenye magari matano na uzio wa matofali nayo inaweza kuwa ya mfukoni, ikiwa maamuzi yake yote yanaishi kichwani mwa mtu mmoja.

Tiba zinajulikana na hazina gharama kubwa. Vipindi vya ujumbe vikiwekewa ukomo, mjumbe hulazimika kuondoka kabla urafiki haujageuka kuwa haya. Mjumbe akitakiwa kutamka mgongano wa maslahi, yaani hali ambayo faida yake binafsi au ya ndugu yake inakutana na uamuzi wa bodi, na tamko hilo likaandikwa kwenye daftari linaloweza kusomwa, zabuni ya kukodi ukumbi wa shemeji hupoteza utamu. Sehemu ya kila kikao ikifanyika mkurugenzi akiwa nje, wajumbe hupata nafasi ya kuulizana walichokuwa wakikiogopa. Lililo gumu ni kumpata mjumbe anayetoka miongoni mwa wanaohudumiwa, mwenye haki sawa ya kura na asiyeletwa kupamba picha, kwa sababu mjumbe huyo ndiye pekee anayejua kama kisima kilichoandikwa kwenye taarifa kinatoa maji.

Ukaguzi wa hesabu hauwezi kuichukua nafasi hiyo, ingawa mara nyingi hutumiwa kana kwamba unaweza. Hati safi ni maoni ya mkaguzi kwamba hesabu zilizowasilishwa zinaonyesha hali halisi ya fedha kwa mujibu wa viwango vya uhasibu. Haisemi kwamba fedha hiyo ilitumika kwa jambo lenye maana. Semina ya siku tatu hotelini, iliyohudhuriwa na watu 40 waliokwisha kuhudhuria semina ileile mwaka uliopita, ikiwa na orodha ya mahudhurio, saini za posho, stakabadhi za chakula na marejesho kamili ya masurufu, itapita mbele ya mkaguzi bila doa. Fundi aliyechimba mtaro kijijini na kulipwa bila risiti, kwa sababu kitabu cha risiti hajawahi kuwa nacho, ataleta hoja ya ukaguzi. Kwa njia hiyo asasi hujifunza taratibu kupenda shughuli zinazokaguliwa kwa urahisi, na hizo si lazima ziwe shughuli zinazosaidia.

Kanuni zilizotangazwa mwaka 2018 ziliongeza uzito upande uleule. Asasi inayopata fedha zinazozidi shilingi milioni 20 ilitakiwa kuwasilisha mkataba wake na mfadhili kwa Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa, na kuzitangaza fedha hizo kwenye vyombo vya habari. Lengo lililotajwa lilikuwa uwazi, na si rahisi kulipinga. Umma una haki ya kujua. Ila gazeti linalosomwa Dar es Salaam halifiki Kibondo, na tangazo linalotaja mfadhili na jumla ya fedha, bila kutaja kata, idadi ya madarasa au jina la mkandarasi, humpa mwanakijiji taarifa asiyoweza kuifanyia lolote. Sheria ya mwaka 2002 iliutaja umma miongoni mwa wanaostahili kupata taarifa za mwaka za asasi; katika utekelezaji umma ukawa mtu wa mwisho kwenye orodha, nyuma ya makabati ya Msajili. Shinikizo jingine limetoka nje ya nchi. Tanzania iliwekwa mwaka 2022 kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na chombo cha kimataifa kinachopambana na utakasishaji wa fedha na ufadhili wa ugaidi, ikatolewa mwaka 2025, na katika muda huo hatari ya asasi kutumiwa vibaya na magaidi ilijadiliwa serikalini kuliko hatari ya asasi kumsahau mnufaika.

Wakati huohuo, pembeni kabisa mwa sheria hizi, Watanzania huchangishana fedha nyingi kila wiki na kuwajibishana kwa utaratibu ambao hakuna mshauri mwelekezi aliyeufundisha. Kamati ya harusi ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kila anayealikwa kuchangia hupewa kadi. Anayeahidi huandikwa upande wa ahadi na anayelipa huhamishiwa upande wa taslimu. Orodha husomwa kikaoni, na siku hizi hunakiliwa kwenye kundi la WhatsApp kila jina jipya linapoongezwa, hivyo kila mchangiaji huona jumla ikipanda na huona pia nani amenyamaza. Harusi ikiisha, hufanyika kikao cha kuvunja kamati, ambapo mapato na matumizi husomwa mbele ya waliotoa, kreti za soda zilizobaki zikatajwa, na mwenye swali akauliza. Vikundi vya VICOBA na vya kuweka na kukopa navyo vina sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti, na fedha huhesabiwa kwa sauti kila wiki mbele ya wanachama wote. Kwa lugha ya vitabu, hayo ni mgawanyo wa majukumu, udhibiti wa ndani na taarifa ya fedha ya papo kwa papo. Kwa lugha ya wahusika ni kuondoa maneno.

Utaratibu huo usipambwe kupita kiasi. Unafanya kazi kwa sababu wachangiaji wanajuana, na aibu ina makali panapojuana watu. Unamfikia bwana harusi mwenye marafiki wengi na kumpita mtoto wa mpangaji anayekosa sare. Methali isemayo kutoa ni moyo si utajiri imemsifu mtoaji kwa vizazi, lakini haina neno lolote kwa anayepokea kwa niaba ya wengine. Tena neno mchango lenyewe limewahi kuchafuliwa: mtendaji wa kata alipopita nyumba kwa nyumba akidai mchango wa hiari wa ujenzi au wa Mwenge, na asiyetoa akaitwa ofisini, hiari hiyo ilikuwa kodi isiyo na sheria. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, michango ya shule iliendelea kwa majina mengine, hadi Rais John Magufuli alipoipiga marufuku hadharani Januari 2018, kwa namna iliyowafanya baadhi ya walimu wakuu waogope hata kupokea kile ambacho wazazi walikitoa kwa ridhaa. Mtu aliyezoea mchango wa kulazimishwa hajifunzi kudai hesabu, hujifunza kujificha.

Maafa ndiyo yanayopima utaratibu huo pale watu wasiojuana wanapochangia. Tetemeko la ardhi lililoikumba Kagera tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa maelfu ya nyumba, na michango ikamiminika kutoka kwa kampuni, balozi, wanafunzi na watu waliotuma shilingi elfu moja moja kwa simu. Kabla mwezi haujaisha, Ikulu ilitangaza kutenguliwa kwa uteuzi wa viongozi wawili wa mkoa na manispaa, waliotuhumiwa kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Hatua ilikuwa ya haraka na ilishangiliwa. Lakini swali kubwa zaidi lilikuja baadaye na halikumfukuzisha mtu kazi: serikali ilieleza kwamba haitamjengea kila mwathirika nyumba, na kwamba sehemu kubwa ya fedha itaelekezwa kwenye shule, vituo vya afya na miundombinu mingine ya umma iliyoharibika. Uamuzi huo una utetezi mzuri wa kiuchumi, kwani shule moja huhudumia familia mamia. Lakini waliotoa walikuwa wameona picha za akina mama waliolala nje, na wengi wao walidhani wananunua mabati ya akina mama hao. Kati ya wazo lao na uamuzi wa mwisho hapakuwa na waraka wowote wa kusomwa na pande zote mbili, kwa sababu fedha ilichangishwa kwa jina la tukio, pasipo sharti.

Jambo kama hilo lilionekana tena baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 220. Rambirambi, ambazo kwa mila ni fedha ya kumfuta mfiwa machozi na kumsaidia mazishi, zilivuka kiasi ambacho mila ilikifikiria, na sehemu yake ikatumika kupanua kituo cha afya cha Bwisya kisiwani humo. Kituo kilihitajika bila shaka, na wagonjwa wa Ukara wamefaidika. Hata hivyo rambirambi iliyogeuka jengo imebadilishwa mnufaika, na katika sheria ya amana mabadiliko kama hayo hayafanywi na msimamizi peke yake, hata awe na nia njema kiasi gani. Hupelekwa mbele ya mahakama au chombo huru, ambacho hujiuliza ni matumizi gani yaliyo karibu zaidi na nia ya waliotoa. Mchangishaji wa umma angeweza kuepuka fumbo lote hilo kwa sentensi mbili zilizotangazwa mapema: fedha hii ni ya fulani kwa kazi fulani, na ikizidi au ikishindikana itakwenda mahali fulani. Kamati ya harusi hupanga hayo kabla ya kadi ya kwanza kutolewa.

Kenya ilipita njia yake, nayo ina funzo la aina mbili. Harambee, iliyofanywa wito wa taifa na Jomo Kenyatta mwaka 1963, ilijenga shule za sekondari ambazo serikali isingezijenga kwa kizazi kizima, kisha ikageuka jukwaa ambalo mwanasiasa hutoa bunda la noti mbele ya umati bila kuulizwa bunda limetoka wapi. Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya mwaka 2003 ililenga kuwazuia maofisa kutumia vyeo vyao kuchangisha, na Julai 2024, katikati ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto akatangaza tena kuwazuia maofisa wa umma kushiriki harambee. Tangazo la pili ni ushahidi tosha juu ya hali ya lile la kwanza. Uwajibikaji wa harambee ulitazama upande wa matumizi na kusahau upande wa chanzo. Kwa upande mwingine, kampeni ya Kenyans for Kenya ya mwaka 2011, iliyoanzishwa wakati wa ukame kwa ushirikiano wa Msalaba Mwekundu, kampuni na vyombo vya habari, ililenga shilingi milioni 500 na ikavuka lengo hilo, sehemu kubwa ya watoaji wakiwa watu wa kawaida waliotuma kwa M-Pesa. Teknolojia ilirahisisha kutoa. Kilichowafanya wengi watoe ni kwamba aliyepokea alitajwa kwa jina, na kiasi kilichokusanywa kilitangazwa kadiri kilivyoongezeka.

Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya Kenya ilitiwa saini na Rais Mwai Kibaki Januari 2013 na haikuanza kutumika hadi Mei 2024. Katika kipindi hicho palijitokeza pendekezo la kuweka ukomo wa asilimia 15 kwa fedha ambazo asasi ingepata kutoka nje, ambalo Bunge lililikataa mwishoni mwa 2013, na mahakama ziliombwa zaidi ya mara moja kuishurutisha serikali iianzishe sheria iliyokwisha kupitishwa. Kinachoshangaza katika pendekezo la asilimia 15 ni kwamba kilio chake kilikuwa na msingi: asasi inayolishwa na mji mkuu wa nchi nyingine husikiliza zaidi mji huo. Ila dawa iliyopendekezwa ilikuwa kupunguza chakula pasipo kupanda kingine.

Kupanda kingine kungeanzia kwenye kodi, na hapo Tanzania ina mlango ambao wachache wameupita. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamruhusu mwenye biashara kupunguza kwenye mapato yake ya kibiashara mchango alioutoa kwa asasi ya hisani, lakini si zaidi ya asilimia 2 ya mapato hayo, na asasi yenyewe lazima kwanza ipate uamuzi wa Kamishna wa kuitambua. Kazi za hisani zinazotajwa, kama kuondoa umaskini, elimu, afya, maji na ujenzi wa barabara, zina ukoo wa mbali na sheria ya Kiingereza ya mwaka 1601, ambayo nayo ilihesabu ukarabati wa madaraja na barabara kuwa sadaka. Utetezi wa haki za wapangaji au ufuatiliaji wa bajeti ya halmashauri hauingii hapo kwa urahisi. Mwalimu anayetoa kwenye mshahara, au mama lishe anayetuma elfu kumi kwa simu, hapati chochote katika mpangilio huo, naye ndiye mtoaji wa kawaida wa nchi hii. Kwake yeye motisha ya kodi ni hadithi. Kinachoweza kumrudisha mara ya pili ni ujumbe wa simu unaomweleza elfu kumi yake ilikwenda wapi.

Ndiyo maana hoja ya uchangiaji wa ndani haipaswi kuanzia kwenye kiasi. Michango ya wenyeji haitaziba hivi karibuni pengo la fedha za kigeni, na asasi inayoahidi hivyo inajidanganya. Thamani yake ni ya aina nyingine: shilingi milioni mbili zilizotolewa na watu 400 wa wilaya moja huja na macho 800, na macho hayo hayahitaji nauli ya kufika kwenye mradi. Asasi yenye hata sehemu ndogo ya mapato ya namna hiyo hulazimika kuandika taarifa kwa Kiswahili, katika ukurasa mmoja, kwa tarakimu zinazoeleweka, na kuibandika mlangoni. Baadhi ya makanisa yamefanya hivyo kwa miongo: sadaka ya Jumapili iliyopita hutangazwa Jumapili hii, na yai lililoletwa siku ya mavuno hunadiwa mbele ya aliyelileta.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, kwanza kwa siku 90, miradi ya afya na ya virusi vya UKIMWI ilisimama katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo. Watumishi walipewa barua, magari yalirudishwa, na taarifa za kufunga miradi ziliandikwa kwa Kiingereza na kupelekwa kule fedha zilikotoka, zikiwa na orodha ya vifaa hadi kiti cha mwisho. Katika vijiji ambavyo miradi hiyo ilikuwa na vikundi vya wagonjwa, wahudumu wa kujitolea na kamati zenye wenyeviti na makatibu, kikao cha kuvunja kamati hakikuwa sehemu ya mkataba.